Kwa wanaojaza fomu mwaka huu: hakuna anayeamini kwamba unapenda tufaha

Wiki hii nimesoma rasimu tisa za wadogo zangu wanaoomba vyuo vya Marekani. Sita wamejieleza kwa maneno matatu yaleyale: mchapakazi, mnyenyekevu, mwenye nidhamu. Wanne, kitafunwa wanachokipenda kuliko vyote duniani ni tufaha. Jamani! Bwenini mlikuwa mkiingiza mihogo ya kukaanga kwa magendo, leo mnapenda tufaha?

Insha kuu ya maneno 650 mmeshaitolea jasho, sina neno nayo. Naongelea vile visanduku vidogo vya majibu mafupi mnavyovijaza usiku wa mwisho mkidhani ni mapambo.

1. Maneno matatu. USC (Chuo Kikuu cha Kusini mwa California) wanakupa herufi 25 kwa kila neno. Nami mwaka wangu niliandika "mnyenyekevu". Dada yangu aliposoma alicheka mpaka akakaa chini. "Mnyenyekevu wewe? Si ndiye uliyebishana na konda kuanzia Ubungo mpaka Posta kwa shilingi mia?" Akasema niandike "mbishi". Nikanuna siku mbili. Kabla hujajaza, muulize mtu anayekujua, ikiwezekana aliyekwisha kukuchoka.

2. Barua kwa mtu mtakayeishi naye chumba kimoja. Stanford wamekuwa wakiitaka kwa miaka mingi, maneno 100 hadi 250. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungua.

Niliposikia "barua", mkono ukaenda wenyewe. Anwani yangu juu kulia, anwani ya chuo chini kushoto, tarehe, kisha kichwa kwa herufi kubwa: KUJITAMBULISHA KWA MKAZI MWENZA. Nikasema kichwa cha barua chahusika. Nikamwahidi huyo kijana nisiyemjua kwamba nitazingatia sheria zote za chumba, nitashirikiana naye kitaaluma, na kwamba sina rekodi ya utovu wa nidhamu. Nikafunga na "Wako katika ujenzi wa taifa", nimeitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno. Taifa lipi? Lake au langu? Nikaisoma mara tatu, nikajipongeza, nikabofya kutuma.

Sikupata. Sisemi ni barua iliyoniponza, waombaji ni wengi mno na nafasi chache. Lakini mwaka uliofuata, nikiwa nyumbani najipanga kuomba upya, niliifungua nakala niliyokuwa nimehifadhi, na hadi leo nikiikumbuka napata joto shingoni. Mimi nimelala bweni miaka sita! Watu arobaini chumba kimoja. Najua kumwamsha mtu wa prepo ya alfajiri bila kuwasha taa. Najua nani umwazime ndoo na nani umwambie imetoboka. Kitanda cha chini yangu alilala jamaa aliyekuwa akihubiri usingizini, tena vizuri, na tulipomzoea tukawa hatupati usingizi akienda likizo. Kama kuna somo ninaloweza kufundisha duniani ni kuishi na mtu chumbani. Nikaulizwa hilohilo, nikajibu kama naomba kazi halmashauri.

Mara ya pili nikaandika kuhusu mhubiri wa usingizini. Maneno 180. Dada hakucheka pale nisipotaka acheke.

3. Stanford tena: majira mawili ya joto yaliyopita, yaani likizo zao ndefu, uliyatumiaje? Usianze kuwaelezea hali ya hewa ya Dar, taja likizo ya Juni na ya Desemba, ukae ndani ya maneno 50. Kama uliuza duka la mjomba, andika duka la mjomba.

4. Orodha ya vitabu ulivyosoma, ya chuo cha Columbia: tenganisha kwa mkato, usieleze, na usiweke kitabu ulichosoma muhtasari wake tu.

5. Chuo cha Yale wamewahi kuuliza: ungefundisha somo, lingeitwaje? Mdogo wangu mmoja aliandika "Uongozi na Maendeleo Endelevu". Nikamuuliza wewe ungekwenda kulisoma? Akanyamaza, kisha akasema kwa aibu angependa kufundisha fizikia ya kuingia daladala ya saa kumi na mbili asubuhi kwa dirishani. Mtoto ana kombi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), hata mchoro wa pembe ya mguu anao. Tulicheka, akaandika, na ndilo jibu lake pekee ambalo sikugusa.

6. Chuo cha Chicago wakikwambia "Tafuta x", hawataki hesabu. Na ile si ya kisanduku, ni insha nzima. Naandika hili kwa sababu yuko aliyenitumia x = 4.

7. Nafasi kati ya maneno nayo ni herufi. Hesabu.

Nitumieni rasimu kabla ya Krismasi. Mwaka jana mliniletea tarehe 31 Desemba saa tano usiku, nimeshika sahani ya pilau mkono mmoja na simu mkono wa pili, na majibu yenyewe yakaanza na tufaha.