Mdogo wangu unayetaka kuwa mtafiti wa mafuta ya damu, soma hapa

Juzi binti wa mwaka wa tatu, anasoma baiokemia, kaniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kuwa mtafiti kama wewe, nianzie wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nimeona nijibu hapa hapa maana mnaouliza hivyo ni wengi. Na kwa kuwa wiki hii jarida limekubali makala yangu, jina langu likiwa la kwanza, mtanivumilia nikijisifu kidogo.

Nilianzia maabara ndogo hapa Moshi. Habari za kuosha chupa na kubandika lebo tuziache. Siku moja ililetwa damu ya mtoto aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo tangu akiwa mchanga. Nikaizungusha kwenye mashine. Plazma, ile sehemu ya juu ambayo kwa kawaida ni ya manjano na unaona hadi upande wa pili, ilitoka nyeupe pe kama maziwa. Mkubwa wangu akatupia jicho: "Huyo kala kabla ya kutolewa damu, hayo ni mafuta ya chakula. Mwaga, waambie walete nyingine." Sikumwaga. Nikaificha kwenye friji, na asubuhi nikakuta utando mzito umeelea juu, chini pamebaki maji maangavu.

Utando huo ulikuwa wa kilomikroni, vifurushi vinavyobeba mafuta ya chakula kutoka kwenye utumbo. Kuna kimeng'enya kinaitwa lipoproteini lipesi, kazi yake kuvifungua. Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, vifurushi vinajazana kwenye damu, kongosho linavimba, na hapo ndipo tumbo linapouma. Tiba inaanzia jikoni: mafuta yapunguzwe sana. Mama yake aliambiwa mtori usitiwe siagi wala nyama yenye mafuta. Ukimwambia hivyo mama wa Kichaga atakuangalia mara mbili.

Kisa hicho kikaja kuwasilishwa kwenye mkutano. Jina langu halikuwepo, hata kwenye shukrani. Miaka imepita na bado linaniuma, sifichi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: andika. Kila sampuli, tarehe, saa, ulichokiona, na saini yako. Na mapema kabisa uliza nani watakuwa waandishi wa makala, tena uliza kwa barua pepe, siyo kwenye chai. Heshima kwa wakubwa ni lazima, lakini daftari lako liwe na tarehe.

Ushauri wa pili: chukua swali la nyumbani. Brown na Goldstein, waliopata Nobel mwaka 1985 kwa kazi ya lehemu (kolesteroli), walivutwa na watoto wawili wa familia moja waliokuwa na ugonjwa wa moyo utotoni. Hawakuanza na mashine, walianza na wagonjwa waliokuwa mbele yao. Sisi wagonjwa tunao, ila tunasubiri mtu ashuke uwanja wa ndege wa KIA atuonyeshe.

Mtazame George Mann, Mmarekani. Miaka ya 1960 alikuja kuwapima Wamaasai, akakuta lehemu yao iko chini ilhali wanaishi kwa maziwa na nyama. Au jeni ya PCSK9, inayozuia ini kuondoa kwenye damu lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas walitangaza kwamba Wamarekani weusi wenye jeni hiyo isiyofanya kazi walikuwa na lehemu mbaya pungufu kwa asilimia 28, na magonjwa ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Mwaka 2015 dawa za kuizuia PCSK9 zikaidhinishwa Marekani. Siri ilikuwa kwenye damu ya watu wenye asili ya Afrika, dawa ikatengenezwa kwingine, na bei yake mgonjwa wa mtaani kwetu Majengo haiwezi. Vijana, tutatoa damu mpaka lini wakati majibu wanatoa wengine? Amkeni. Someni. Andikeni, nimeshasema.

Swali lenyewe liko pale Arusha mjini: vijana wa Kimaasai walioacha maziwa na kuhamia kwenye chipsi mayai na soda, lehemu yao leo ikoje ukilinganisha na ya ndugu zao waliobaki Longido? Hapo huhitaji mashine ya ajabu. Unahitaji vipimo vya kawaida vya mafuta ya damu, dodoso la chakula, kibali cha kamati ya maadili, na mtu anayeongea Kimaa. Mimi Kimaa sijui. Kama wewe unakijua, niandikie kabla ya dirisha la ruzuku kufungwa.