Usinunue skrini kubwa kabla ya kukisoma kiboksi

"Kaka, hii ni sita au nane?"

Mhasibu aliniuliza hivyo pua ikiwa karibu kugusa skrini mpya niliyomfungia asubuhi ileile. Nikainama nami. Kwa kweli haikujulikana.

Ofisini kwetu hatuna kompyuta kamili mezani. Kila meza ina kiboksi kidogo kinachopokea picha ya kompyuta iliyoko kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia meza zote. Mtu anaona Windows yake kama kawaida, ila kazi yote inafanyika kwingine. Skrini za zamani zilikuwa za pikseli (nukta za picha) 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Nikapendekeza tununue za 2560 kwa 1440, mbili kwa kila meza. Kabla ya kuagiza nilijaribu moja mezani kwangu, maandishi yakatoka safi kama ya kitabuni. Nikasema tuagize.

Kosa lilikuwa hapo: nilijaribu moja. Kiboksi chetu kinamudu 2560 kwa 1600 kikiwa na skrini moja. Ukikiongezea ya pili, kila moja inaishia 1920 kwa 1200. Hayo yameandikwa wazi kwenye maelezo ya kifaa, ukurasa wa pili, nami nilisoma wa kwanza. Sasa skrini yenye pikseli 2560 kwa upana ikipewa picha ya 1920, kila pikseli ya picha inatakiwa ijaze nafasi ya pikseli moja na theluthi. Theluthi ya pikseli haiwashiki, hivyo skrini inabahatisha kwa kuchanganya rangi za jirani. Ndipo sita inapofumba mdomo ikawa nane. Na kwa kuwa 1920 kwa 1200 ni umbo jingine kabisa, kila duara liligeuka yai.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama kifaa "kinafika 4K", yaani 3840 kwa 2160. Atasema ndiyo, wala hatakuwa amedanganya. Muulize kinafika wapi skrini zote zikiwa zimewaka pamoja, kupitia tundu lipi, na picha inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde. Tundu la HDMI 1.4 linatoa 3840 kwa 2160 kwa mara 30 tu. Ukisogeza kipanya utadhani kinavuta jiwe. Kupata mara 60 unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2. Kwa DVI, tundu la aina ya zamani, tazama pini za kebo: ikiwa na pengo katikati ni ya njia moja, mwisho wake 1920 kwa 1200. Iliyojaa pini zote 24 hufika 2560 kwa 1600. (Mimi nilibadilisha kebo saa tatu nzima kabla ya kufungua ule ukurasa wa pili. Kebo hazikuwa na kosa lolote.)

Meza moja ilinisumbua kivyake: picha iligoma kwenye 1024 kwa 768. Skrini hujitambulisha kwa kifaa kupitia taarifa fupi iitwayo EDID, na pale katikati kulikuwa na swichi ya kushirikisha skrini kati ya mashine mbili, iliyokuwa haipitishi taarifa hiyo. Kiboksi kisipojua kinaongea na nani, hutoa picha ndogo ya tahadhari. Nilipoondoa swichi na kuwasha skrini kabla ya kiboksi, ikakaa sawa.

Upande wa seva usiusahau. Picha moja ya 4K, kabla ya kubanwa, ni takriban megabaiti 33, na mashine pepe (ile kompyuta ya mtu iliyomo ndani ya seva) iliyotengewa kumbukumbu ndogo ya picha haitakupa saizi hiyo hata kiboksi kiwe kizuri namna gani.

Skrini mpya tulizigawa upya, moja kwa kila meza, zilizozidi zikaenda idara nyingine. Mhasibu yeye alitaka mbili, akarudishiwa zake za zamani za 1920 kwa 1080. Kila pikseli imekaa mahali pake, na sita yake ni sita.