Kurudia tumbaku za mwanzo: nunua pakiti, lakini ikaushe kwanza

Ndugu uliyeanzisha uzi, nimesoma swali lako. Unasema ulianza kiko kwa tumbaku ya Captain Black ya pakiti nyeupe na nyingine ya cheri, baadaye ukahamia tumbaku nzito za Kiingereza, na juzi ukaiona pakiti ileile dukani Westlands ukasita. Uinunue uonje tena, au uiache ibaki tamu kichwani? Waliotangulia kujibu wamekucheka kwamba hizo ni peremende za watoto.

Mimi nasema nunua. Ila usiivute vile ulivyokuwa ukiivuta wakati ule, maana kesi yote iko hapo.

Karibu zote nilizoanza nazo nimezirudia, moja moja, kwa sababu nilichoka kusikia wazee wa kiko wakisema fulani ni ya wanaoanza na fulani ni ya waliokomaa. Nilichokiona ni kwamba mkono ukishajua kazi, sifa zote huiendea tumbaku iliyokuwa kwenye kiko siku hizo. Mtu hujifunza kushindilia, kuvuta polepole na kukausha, kisha anadhani ni ulimi wake uliopanda cheo.

Chukua hiyo pakiti nyeupe. Ndani kuna jani la Burley na Cavendish nyeusi, na vanila juu yake. Cavendish si aina ya mmea, ni namna ya kuliandaa jani: hupigwa mvuke na kugandamizwa mpaka liwe jeusi, laini, lenye utamu wa chini chini. Burley nayo hukaushwa kwa hewa tu, ikining'inia bandani kwa wiki kadhaa, na katika muda huo sukari ya jani karibu yote huisha. Jani linabaki kavu lenye vitundu vidogo, na ndiyo maana viwanda vinalipenda: ukilimwagia vanila, konyagi ya kizungu au chokoleti, linanyonya lote.

Tumbaku hizi hutoka kiwandani zikiwa na unyevu mwingi, na nyingi hutiwa propilini glaikoli ili zisikauke dukani. Kitu hicho hakiruki upesi kama maji, kwa hiyo hata ukiiacha pakiti wazi usiku kucha, tumbaku bado inanata vidoleni. Anayeanza anaijaza ikiwa hivyo hivyo. Inazima. Anawasha tena, anavuta kwa nguvu isizime, maji yanageuka mvuke, kiko kinaanza kukoroma na ulimi unababuka. Kesho yake anaandika kwamba Captain Black inauma. Haiumi hivyo, ndugu. Umekunywa mvuke.

Sisi wa Nairobi tuna sababu moja zaidi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imepiga marufuku kuvuta mahali pa umma, kwa hiyo mjini unavutia kwenye eneo la wavutaji, umesimama kati ya watu wa sigara wanaomaliza baada ya dakika tano na kuondoka. Kiko kilichojaa kinataka dakika 45, wakati mwingine saa nzima. Ukiona wenzako wamebadilika mara tatu na wewe bado uko hapo, huku kanjo, askari wa jiji, wanapita wakikukagua kama unauza kitu, unavuta kwa pupa. Wengi wetu tulijifunzia hapo, na hakuna tumbaku inayoonyesha adabu ikivutwa hivyo.

Niliporudi kwa pakiti nyeupe niliimwaga kwenye sahani bapa, nikaitandaza na kuiacha mezani. Januari na Februari, jua likiwa kali na hewa kavu, dakika ishirini zinatosha. Julai, kukiwa na ile baridi ya mawingu, saa nzima haitoshi. Ifinye kidogo kwa vidole viwili kisha uachilie: ikibaki bonge, bado, ikijifungua taratibu, iko tayari, ikivunjika kwa sauti umepitiliza. Kwa hizi za kunukia, ivute pale unapohisi imekauka kupita kiasi, kwa sababu ile propilini bado imo.

Theluthi ya kwanza, vanila, ile ile ya zamani. Katikati vanila ikapungua na chini yake ikatokea Burley yenyewe, ladha ya karanga zilizokaangwa bila mafuta, kitu ambacho miaka ile sikukisikia hata siku moja kwa sababu ulimi ulikuwa umeshaungua. Theluthi ya mwisho hakuna jipya, ni moshi tu, nikamwaga majivu. Je, ni tumbaku kubwa? La. Ila ni tumbaku ya heshima, na jioni nikiwa na wageni barazani ndiyo ninayoijaza.

Hapo kwa wageni kuna jambo. Tumbaku ya kwanza mara nyingi huchaguliwa na pua za wengine. Mvutaji mwenyewe yumo ndani ya moshi, pua yake inauzoea mapema na harufu ya chumbani haipati tena. Wanaoipata ni mama watoto, jirani wa ghorofa ya juu na mlinzi wa geti. Wote wanakuambia inanukia vizuri, na wewe unaamini umepata tumbaku nzuri. Kisha ukijifunza kupitisha moshi kidogo puani unapoutoa (utoe tu, usiupeleke mapafuni), ndipo unaanza kuonja kwa niaba yako mwenyewe. Ulimi peke yake hujua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha ya supu. Mengine yote ni kazi ya pua. Tumbaku uliyoipenda kabla ya kujua hilo, kusema kweli hujawahi kuionja.

Ile ya cheri, sitaitaja jina, imeanguka. Inanuka dawa ya kikohozi. Basi.

Sasa upande wa pili, ambao waliokucheka hawataupenda. Wengi wetu baada ya hizo za kunukia tuliugua Latakia, jani la kufukizwa moshi lililomo kwenye hizo nzito za Kiingereza. Unafungua mkebe wa Early Morning Pipe au Nightcap, unapigwa na moshi, unajiona umehitimu. Nilimfungulia mkebe rafiki yangu wa Bomet ambaye hajawahi kushika kiko. Akanusa mara moja, akacheka, akasema: "Bwana, hiki ni kibuyu cha mursik," yaani maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin. Na hakukosea. Mursik hupata tabia yake kutoka kwa mkaa wa mti unaosuguliwa ndani ya kibuyu, na Latakia ni jani la Kupro au Uturuki lililofukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye utomvu wa kunukia. Asili yake ni Syria, ndiko jina lilikotoka, mji wa bandarini.

Kwa hiyo anayeicheka vanila yako anavuta jani lililotiwa manukato pia, ila manukato yake ni moshi. Nimerudia Latakia zangu za mwanzo kwa uangalifu uleule na nyingi zimepungua makali. Bado nazipenda, hasa msimu wa baridi, lakini ni tumbaku ya kelele: inakuambia yote dakika ya kwanza, halafu inarudia. Zile ninazozivuta siku za kawaida sasa ni zile ambazo majani ya Kiturki na Virginia yanapata nafasi ya kusikika chini ya moshi.

Iliyopanda kwangu ni Erinmore Flake. Mzee mmoja jirani yetu Ngara alikuwa akiivuta, na mkebe wake ndio uliofanya nitake kiko. Ni vipande bapa vilivyoshindiliwa, Virginia na Burley, vyenye harufu ya matunda ambayo wengi huiita nanasi. Wakati ule niliipenda kwa hilo nanasi tu, maana kila nikiivuta ilinichoma. Ni Virginia iliyomo: jani hilo hukaushwa kwa joto la bomba kwa muda wa kama wiki, na sukari inabaki ndani. Nimekulia Migori, nayajua mabanda hayo ya kukaushia, kuni zikiwaka usiku na mchana, jani likigeuka njano, na ile harufu ya nyasi tamu inayofika mpaka barabarani. (Kuni hizo zimekula misitu mingi ya kwetu, na siku hizi wakulima kadhaa wamehamia maharagwe. Sitawalaumu.) Sukari hiyo ndiyo tamu yake na ndiyo moto wake. Ukivuta haraka inakuadhibu. Ukivuta polepole kiasi kwamba kichwa cha kiko unaweza kukikumbatia kiganjani bila kuungua, nanasi linarudi nyuma na mkate unatokea, mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Usikisugue kipande mpaka kiwe vumbi. Kikunje, kiingize, acha nafasi ya hewa.

Lakini siwezi kukuapia kwamba hii ndiyo Erinmore ya yule mzee. Ile ilitengenezwa Belfast na Murray's, kiwanda kikafungwa 2005, kazi ikahamia Denmaki. Vivyo hivyo mikebe ya Dunhill: ilitoweka 2018, michanganyiko ileile ikarudi mwaka uliofuata kwa jina la Peterson. Tumbaku ya Three Nuns ya zamani ilikuwa na Perique, jani la Louisiana linalochachushwa kwa kugandamizwa ndani ya mapipa. Ya baadaye ikawekewa jani la Kentucky lililokaushwa kwa moto badala yake. Jina moja, picha moja kwenye mkebe, jani jingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "siyo kama zamani," kabla hujamwita mzee wa kulalamika, muulize ni mkebe wa mwaka gani.

Kuhusu kiko cha kufanyia majaribio, usitumie kile ulichokivutia Latakia. Mbao hushika harufu. Vanila yako itanuka moshi, utaitia hatiani bure. Viko vya mbao vya kawaida hutoka kwenye fundo la mzizi wa Erica arborea wa nchi za Mediterania. Mmea huohuo uko Mlima Kenya na Nyandarua, juu kwenye baridi, ila humwoni mtu akiuchimbia viko. Mimi natumia kiko cha jiwe, lile jiwe jeupe jepesi la Amboseli lililokuwa likichongewa viko ng'ambo ya mpaka enzi za Tanganyika. Changu nilikipata kwa muuza vitu vya kale, kina tembo mdogo kwenye mrija. Jiwe hunyonya unyevu na halishiki harufu kama mbao, kwa hiyo likikuambia tumbaku ni dhaifu, ni dhaifu. Kama huna, hata kiko cha gunzi la mahindi cha bei ndogo kitafaa, mradi kiwe kipya.

Pia, umetaja una nusu pakiti ya zamani kabatini. Hiyo usiihukumu. Tumbaku ya kunukia ikishafunguliwa hupoteza manukato na kinachobaki ni jani lililochoka. Virginia ukiitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana huzidi kuwa nzuri kwa miaka. Latakia hutulia, moshi wake hupungua. Ya kwako mpe mtu anayefukuza siafu.

Na wewe mchangiaji kijana uliyeuliza hapo juu uanze na ipi: usianze. Kutopeleka moshi mapafuni hakukuepushi na saratani ya mdomo na koo. Mimi navuta, nakuambia nikijua.

Mwenye uzi, fanya hivi. Nunua pakiti mpya, itandaze kwenye sahani, jaza kiko nusu tu, baada ya kula, na chai ya rangi isiyo na sukari pembeni. Usihukumu mwanzo wala mwisho, hukumu katikati, kisha utuandikie ulichokuta. Kikianza kukoroma usikazane nacho: kiweke chini kipoe, pitisha kijiti cha kusafishia kwenye mrija, washa tena.