Kuhusu vidonge vya protini za ubongo kwa mgonjwa wa Parkinson

Dada yangu wa Lamu, umeuliza kama umnunulie baba, anayeugua Parkinson, vidonge vinavyotangazwa kuwa na protini za kulisha ubongo. Nakusihi usivinunue. Protini hizo zipo kweli: NGF, inayozisaidia seli za neva kukua na kutokufa, ilichangia kuwapatia wanasayansi Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Lakini protini ikimezwa humeng'enywa tumboni kama samaki tunayemla, na hata ikidungwa mshipani, kuta za mishipa ya damu ya ubongo huizuia kupita. Ndiyo maana madaktari wa Bristol, Uingereza, walipoijaribu nyingine iitwayo GDNF kwa wagonjwa wa Parkinson, iliwabidi kuipenyeza ndani ya ubongo kwa mirija myembamba iliyowekwa kwa upasuaji. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuthibitisha kwamba waliopewa dawa walipata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Kwenye jicho, ambako dawa hufika kwa urahisi, mambo yamekuwa mema zaidi: matone ya NGF yaliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyopoteza neva.

Kama baba anatumia levodopa, dawa ya Parkinson, asiiache bila idhini ya daktari, na muulizeni kuhusu kuinywa nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya samaki au maharagwe inaweza kupunguza kufyonzwa kwake. Jioni, maji yakipwa, mtembezeni ufukweni kuelekea Shela, mmoja wenu akiwa ubavuni mwake asianguke.