Futi kamba ilipofika kaburini

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Amri ya Mungu inasema usitamani. Lakini asiyetamani ataendeleaje? Hatari ya kutamani cha jirani iko wapi hasa?" Nilidhani ningejibu kwa mistari mitano. Nimeshindwa, kwa sababu jambo hili limepita ndani ya nyumba yangu, na naona ni afadhali niliseme lote.

Mimi ni Mlutheri wa Old Moshi, nina miaka 61, na nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Hilo la uzee wa kanisa lishikeni, tutalirudia.

Kwanza amri yenyewe. Kutoka 20:17 inasema: "Usiitamani nyumba ya jirani yako, usimtamani mke wa jirani yako, wala mtumwa wake, wala mjakazi wake, wala ng'ombe wake, wala punda wake, wala chochote alicho nacho jirani yako." Hesabuni neno "jirani". Limetajwa mara 3 katika mstari mmoja. Mungu hajakataza kutamani nyumba. Zaburi ya 19 hata inasema hukumu za Bwana ni za kutamanika kuliko dhahabu, kwa hiyo moyo unaotamani si moyo mbovu kwa sababu hiyo tu. Ukiona jirani ameweka tanki la maji ukasema nami nitajibana nipate tanki, hujavunja amri. Ukianza kuombea mambo yamwendee vibaya ili aliuze lile tanki kwa bei ya kutupa, umeshaivunja hata kama hujainuka kitini. Kuhusu maendeleo sina zaidi ya hapo, na sidhani kama ugumu uko hapo.

Ugumu uko hapa. Mwizi anaweza kuonekana, mzinzi anaweza kufumaniwa, na mwongo hatimaye hujichanganya. Anayetamani haonwi na mtu. Anaweza kuwa amesimama kanisani, amefumba macho, kitabu cha nyimbo mkononi, na kazi inaendelea moyoni. Tena tamaa haiji kwa jina lake. Ingekuja ikasema "mimi ni tamaa," Mkristo yeyote angeikemea. Kwangu ilikuja ikijiita haki.

Kwa desturi yetu Wachagga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Mdogo wangu alibaki na kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinachofika hadi barabarani. Mimi nilipewa kilicho nyuma yake, kwa juu. Chake kilikuwa na migomba, kahawa, magimbi kando ya mfereji, na mparachichi mmoja mkubwa pembeni, aliopanda mama yetu. Mpaka wetu ulikuwa wa masale. Kwa asiye wa huku: isale ni mmea tunaoupanda mpakani ili kila mtu ajue mwisho wake. Na jani la isale lililofungwa fundo ndilo mtu hulipeleka kwa aliyemkosea anapoomba msamaha. Mmea ni uleule.

Miaka yote hiyo sikuwahi kukitazama kihamba cha mdogo wangu kwa jicho baya. Akafariki, akamwacha mkewe na watoto 3, tukamzika hapohapo kihambani. Miaka 2 baadaye barabara yetu ikawekwa lami.

Tamaa ilianza kama hesabu. Jioni nilisimama juu kwangu nikitazama chini, nikaona kwamba pembeni, upande wa mparachichi, kipande cha upana wa mita 6 kingetosha fremu 2 za maduka. Nikapiga hesabu ya kodi ya mwezi, halafu ya mwaka. Desemba ndugu wakapanda kutoka Dar es Salaam na magari yao, kila mmoja na habari ya kiwanja au ya nyumba ya kupangisha, nami nikapiga hesabu ile tena. Msimu huo sikupogolea kahawa yangu hata shina moja. Yakobo anaandika kwamba tamaa hushika mimba. Mimba haionekani wiki ya kwanza.

Ndipo nikakumbuka jambo. Baba alikuwa akipitisha ng'ombe upande ule kwenda barabarani, na siku moja alisema mbele yetu kwamba ile ni njia ya wote. Hiyo ni kweli, aliyasema. Mimi nikaongeza kidogo tu: kama ni njia ya wote, basi na mimi nina sehemu. Baada ya mwezi ikawa sehemu yangu ndiyo ile. Baada ya miezi 3 nilikuwa nawaambia watu, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba baba alinipa njia na mdogo wangu akaimeza kwenye kihamba chake. Na niliamini. Kama mngenipa Biblia niape, ningeapa nikiwa na amani kabisa.

Someni 1 Wafalme sura ya 21. Ahabu ni mfalme, ana jumba Yezreeli na utawala wote wa Samaria, lakini analala kitandani amegeuza uso, hali chakula, kwa ajili ya shamba la mizabibu la Nabothi analotaka kulifanya bustani ya mboga. Nabothi amemjibu kwamba hawezi kutoa urithi wa baba zake, jibu ambalo mtu wa kihamba analielewa bila kufafanuliwa. Yezebeli, mke wa mfalme, hatumi watu wenye mapanga. Anaandika barua, anatia muhuri wa mfalme, anaagiza wazee watangaze mfungo, wamketishe Nabothi mbele ya watu, walete mashahidi wawili kama sheria inavyotaka. Kwa makaratasi, hapakosekani kitu. Hata sala ipo.

Kikao chetu cha ukoo nacho kilifunguliwa kwa sala. Aliyeomba ni mimi, mzee wa kanisa.

Nilizungumza vizuri siku ile. Shemeji yangu alisema maneno machache: kwamba tangu aolewe ameukuta mpaka pale ulipo, na mume wake hakuwahi kumwambia vingine. Mzee mmoja akasema mwanamke aliyeolewa atajuaje mipaka ya ukoo, wengine wakaitikia. Nami niliyejua kwamba anasema kweli nikanyamaza. (Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Katika kikao kile hakuna aliyeitaja, na wawili kati yetu tulikuwa tunaifahamu.) Ikaamuliwa nipewe mita 6, na tukapime siku hiyohiyo.

Mtoto wake mkubwa wa kiume, wakati ule ana miaka 13, ndiye aliyeambiwa ashike ncha ya futi kamba. Akavuta, akarudi kinyumenyume kati ya migomba. Mita 6 zilipotimia, kisigino chake kilikuwa kimegusa saruji ya kaburi la baba yake.

Watu wakatulia. Shemeji yangu akageuka, akaingia ndani, nikafikiri anakwenda kulia. Akatoka na viti ili wazee wakae, kisha akarudi jikoni kuweka maji ya chai. Hapo ndipo Mungu alinifungulia mlango wa kurudi, nakiri hivyo leo. Nikasema, "Tuendelee." Tukasimika vigingi.

Kipande kile nilikaa nacho miezi 11. Nilikata migomba 9 na mibuni 14, mparachichi nikauacha kwanza, nikamwaga kokoto na mchanga. Na sasa nijibu swali lenu sawasawa, kwa sababu mmeuliza hatari iko wapi, na watu wengi hudhani hatari ni kuikosa ile mali au kufungwa jela. Mimi niliipata. Nieleze kilichonipata nikiwa nayo.

Nilianza kumchukia shemeji yangu. Hakuwa amenikosea lolote, na hilo ndilo lililoniudhi. Ukimnyang'anya mtu mwema hulali, kwa hiyo inabidi umfanye mbaya. Nikaanza kusema ataolewa na mwanamume wa nje amlete kwenye ardhi ya baba yetu. Nikasema watoto hawalei vizuri. Alipouza mkungu wa ndizi nilisema anafuja mali. Nilikuwa namhitaji awe mwovu. Mtume Paulo anaandika katika Wakolosai 3:5 kwamba kutamani ni ibada ya sanamu, na zamani nilidhani ametia chumvi. Sanamu hudai sadaka. Yangu ilidai mke wa marehemu mdogo wangu na watoto wake.

Meza ya Bwana niliendelea kuiendea. Najua uzito wa sentensi hiyo.

Pasaka ile alikuja shemeji yangu mwingine, kaka wa mke wangu, Mwanglikana anayeishi Arusha. Tukabishana kirafiki juu ya hesabu ya amri. Wao hukusanya kutamani kote kuwa amri ya 10 peke yake. Sisi Walutheri, na Wakatoliki pia, tunaigawa kuwa ya 9 na ya 10. Nikaingia chumbani kuleta Katekisimo Ndogo, kitabu cha Martin Luther cha mafundisho ya imani, niliyosomea kipaimara mwaka 1977 ili nimwonyeshe kwamba nina haki. Nikafungua amri ya 9. Luther aliyaandika maelezo yale mwaka 1529, na yanasema, nikiyatoa kwa maneno yangu, kwamba tusiutafute urithi wala nyumba ya jirani kwa hila, wala tusijipatie kwa kisingizio cha haki, bali tumsaidie abaki nacho.

Kisingizio cha haki. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo nikiwa na miaka 14, nikasimama mbele ya usharika nikayatamka. Sikurudi sebuleni kwa muda. Mgeni alipoita nikamwambia nimekosa kitabu, na huo nao ulikuwa uongo.

Wiki ile nilisoma Luka 12 mara nyingi. Mtu anamwambia Yesu, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao, kisha anawageukia watu: "Angalieni, jilindeni na choyo, maana uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo." Angalieni kwamba hamwambii yule mtu kuwa ni mwongo. Huenda sehemu ya urithi ilikuwa yake kweli. Yesu aliona kwamba hata mwenye dai la kweli anaweza kuwa ameshaliwa na choyo, na kwamba hukumu ya kumpa haki yake isingemponya. Wale mnaokwenda baraza la kata mwezi huu na makaratasi yaliyokamilika, nawaomba mkae na sehemu hiyo kabla hamjatoka nyumbani. Na ninyi wazee mnaoitikia vikaoni bila kuuliza, nawasihi kwa jina la Bwana: mjane ana haki ya kuulizwa mara ya pili.

Niliwaita wazee walewale. Nikasema mbele yao kwamba nilidanganya, na mahali gani nilidanganya. Mmoja alikasirika kwa kuwa nimemwaibisha, ninamwelewa. Kisha nikaenda kwa shemeji yangu na isale. Akalipokea, akalishika muda mrefu, akasema, "Nimepokea, baba mkubwa. Mimi nimesamehe. Mtoto usimlazimishe, atakuja mwenyewe."

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara 4 ya alichodhulumu. Mimi nilirudisha mita 6 zilezile, nikang'oa vigingi, nikazoa kokoto kwa toroli siku 3, nikapanda migomba na miche ya kahawa. Kahawa huchukua kama miaka 3 kuanza kuzaa. Miaka hiyo yote ni mavuno ya mjane yaliyopotea, na ninamfidia kwa kahawa yangu kila msimu, debe kwa debe, kadiri mibuni ile ilivyokuwa ikitoa.

Kijana sasa ana miaka 16. Ananiamkia vizuri, "Shikamoo baba mkubwa," lakini tangu siku ya futi kamba hajaingia nyumbani kwangu. Jumamosi iliyopita alikuja kuazima ngazi, maparachichi ya bibi yake yamekomaa. Nikamwambia karibu ndani unywe uji. Akasema asante, akasubiri nje mpaka nilipomletea ngazi.

Msomaji wenu,
Old Moshi, Kilimanjaro