Mjomba, kazi za mapokezi huku si kama unavyosikia

Mjomba, shikamoo. Umeniuliza kama ni kweli kwamba huku Marekani mtu aliyebadili jinsia hupewa kazi mbele ya wengine kwa kuwa sheria inamlinda. Nitakujibu kwa niliyoyaona Michigan, kwenye meza ya mapokezi ya hoteli.

Sheria ipo, na chimbuko lake mojawapo ni jimbo hili hili. Aimee Stephens alikuwa msimamizi wa mazishi mjini Garden City, kazi ya kukaa na wafiwa ana kwa ana, na mwaka 2013 alimkabidhi mwajiri wake barua ya kumweleza kwamba akirudi kutoka likizo atakuja kazini akiwa mwanamke, kwa mavazi na kwa jina. Wiki mbili baadaye akafukuzwa. Tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba kumfukuza mtu kwa sababu hiyo ni ubaguzi wa kijinsia, uliokatazwa tangu sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Marehemu hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki mwezi mmoja kabla.

Lakini aliyefukuzwa ana ushahidi mkononi, ilhali aliyenyimwa kazi huondoka mikono mitupu. Siku moja alikuja dada mmoja kuomba kazi kwetu, shati limenyooshwa pasi, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Meneja alimchangamkia hadi alipoiona leseni yake ya udereva, yenye jina la kiume, ndipo akasema nafasi imeshajazwa, na tangazo bado limebandikwa mlangoni. Alipotoka, fomu yake ikatiwa kwenye droo, nami nikaambiwa kwamba meneja mwenyewe hana neno, ila wageni hawatakuwa huru.

Kisingizio hicho ni cha kale. Shirika la ndege la Pan Am liliwanyima wanaume kazi ya kuhudumia abiria kwa hoja kwamba abiria wanapenda wanawake, na mahakama ya rufaa ikalikatalia mwaka 1971. Nami niliwahi kuelezwa kwamba lafudhi yangu itawasumbua wateja, kwa hiyo maneno ya meneja niliyatambua mara moja. Hata hivyo nilinyamaza, Mjomba, kwa kuhofia kibarua changu. Wiki iliyofuata aliajiriwa mtu mwingine, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi.