Kupeleka chombo Mwezini kwa bajeti ndogo: pa kubana na pasipobanwa

Timu nyingi huanza kwa kuuliza bei ya roketi. Swali hilo lisubiri. Amueni kwanza safari itaishia wapi: kuuzunguka Mwezi, kuugonga, au kutua taratibu, kwa sababu kila chaguo lina bajeti yake na linadai mafuta yake.

Kama swali lenu la kisayansi linajibika kutoka juu, bakini juu. CAPSTONE ya Marekani ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Iliondoka New Zealand kwa roketi ndogo ya Electron tarehe 28 Juni 2022, ikaingia kwenye obiti ya Mwezi tarehe 13 Novemba. Ilichukua miezi minne na ushee kwa kuwa ilipitishwa njia ndefu, kiasi cha kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani. Huko mbali uvutano wa Jua hukunja njia ya chombo bure, na mafuta ya kufungia breki kufikia Mwezini hupungua sana. Asiye na haraka ananunua tangi dogo. Kugonga nako kuna faida yake: LCROSS, chombo cha NASA, ilidandia roketi moja na setilaiti nyingine, ikatumia kipande cha roketi kilichokwisha mafuta kuipiga kreta ya Cabeus tarehe 9 Oktoba 2009, na maji yakaonekana ndani ya vumbi lililoruka. Gharama yote ilikuwa dola milioni 79, bila miguu ya kutulia wala rada ya kushukia.

Kutua ndiko kunakokula pesa. Mwezi hauna hewa ya kushika parachuti, kwa hiyo mwendo wote lazima uuliwe na injini. Ukishaachiwa kwenye njia ya kwenda Mwezini, unahitaji kupunguza mwendo kwa takriban mita 850 kwa sekunde kuingia obiti ya chini na karibu mita 2,000 nyingine kushuka, pamoja na kidogo cha kurekebisha njia. Kwa injini za kawaida za haidrazini, aina ya mafuta, na kioksidishaji, kemikali ya kuyachoma, kila kilo 100 za chombo kinachoachiwa na roketi, kilo 60 hivi ni mafuta. Zile 40 zinabeba matangi, injini, miguu, betri, paneli za sola, antena na kompyuta. Vifaa vya utafiti vinagombania masalio. Ukiachiwa karibu na Dunia ili ulipe nauli ndogo, hali inakuwa ngumu zaidi: Beresheet ya Israeli, iliyorushwa Februari 2019 kama abiria wa pili, ilianza na kilo 585, na bila mafuta ilikuwa kilo 150 tu. Wekeni akiba ya asilimia 20 ya uzito tangu karatasi ya kwanza. Nyaya, skrubu na gundi haziandikwi na mtu mwanzoni, na zote zitakuja kupimwa kwenye mizani.

Mfano bora wa kubana tunaoujua ni Chandrayaan-3 ya India, iliyogharimu rupia bilioni 6.15 na kutua tarehe 23 Agosti 2023. Haikubeba setilaiti mpya ya kuzunguka Mwezi, bali ilitegemea ile ya Chandrayaan-2 iliyokuwa bado hai. Pesa ilikwenda palipouma mwaka 2019, wakati chombo cha kutua cha Chandrayaan-2 kilipoanguka: miguu ikaimarishwa, mafuta yakaongezwa, kipimo cha mwendo cha leza kikafungwa, na eneo la kutua likapanuliwa kutoka mita 500 kwa 500 hadi kilomita 4 kwa 2.4. Tukishauri timu yoyote, hapo ndipo tungeanzia. Uwanja mpana na tambarare hauongezi hata gramu moja kwenye chombo.

Sasa pasipobanwa. Vali na mabomba kwanza. Peregrine, chombo cha kutua cha Marekani, iliharibika saa chache tu baada ya kuruka Januari 2024: vali ya gesi ya heli haikufunga, shinikizo likapanda kwenye tangi la kioksidishaji mpaka likapasuka. Lunar Flashlight, setilaiti ndogo ya NASA, nayo haikufika kwenye obiti yake kwa sababu mabomba membamba ya mafuta, yaliyochapwa kwa printa ya 3D, yaliziba, na uchafu ndio ulioshukiwa zaidi. Osheni mabomba, yapitisheni maji au gesi, pimeni kiasi kinachotoka, kisha rudieni baada ya majaribio ya mtikisiko, maana mtikisiko ndio unaobandua chembe za chuma.

Pili, programu ya kushukia. Hakuto-R ya Japani, Aprili 2023, ilipita juu ya ukingo wa kreta ya Atlas, na ardhi chini yake ikazama ghafla kama kilomita 3. Rada ilisoma sawasawa. Programu ikaona tofauti ni kubwa mno, ikahukumu kwamba rada imeharibika, ikaacha kuisikiliza. Chombo kikaamini kimefika chini huku kikiwa bado kilomita 5 juu, kikaelea hapo hadi mafuta yakaisha. Sehemu ya kutua ilibadilishwa baada ya usanifu kupitishwa, na majaribio ya kompyuta hayakuibeba vya kutosha ardhi ya njia hiyo mpya. Kila mkibadilisha uwanja, rudieni majaribio yote kwa ramani halisi ya njia nzima, na mwingize makosa kwa makusudi: rada ikatike, injini ichelewe, kompyuta ijiwashe upya katikati. Na pigeni marufuku kuwasha upya kifaa chochote wakati wa kushuka. Kwenye Beresheet, amri ya kukiamsha kipimo kimoja kilichozimika ndiyo iliyoanzisha mlolongo uliozima injini kuu.

Tatu, orodha ya ukaguzi. Leza za Odysseus, chombo cha kutua cha Marekani, za kupimia kimo hazikufanya kazi Februari 2024 kwa kuwa swichi ya usalama, inayolinda macho ya mafundi, haikufunguliwa kabla ya kuruka. Swichi kama hiyo isainiwe na watu wawili, na picha yake ibaki kwenye faili.

Kwa waliozoea setilaiti ndogo kama Taifa-1 ya Kenya, mawasiliano ndiyo yatakayowashangaza. Kutoka Mwezini, kilomita 384,400, ishara hufika ikiwa dhaifu karibu mara 590,000 kuliko kutoka setilaiti iliyo kilomita 500 juu, antena na nguvu zikiwa zilezile. Msijenge antena yenu ya sahani. Kodisheni saa kwenye vituo vikubwa vilivyotawanyika duniani, angalau vitatu, ili Mwezi usiwazamie katikati ya kazi.

Mwisho, betri na usiku. Baadhi ya setilaiti ndogo 10 za Artemis I, safari ya NASA, zilikaa ndani ya roketi zaidi ya mwaka bila kuchajiwa, kwa hiyo dai la kuchaji liandikwe kwenye mkataba wa kurushwa. Usiku wa Mwezi huchukua karibu siku 14 za Duniani, na baridi hushuka chini ya nyuzi -150. Chombo cha bei nafuu kipangiwe kutua asubuhi ya huko na kumaliza kazi kabla ya machweo, kama Blue Ghost ya Marekani ilivyofanya Machi 2025: ilitua tarehe 2, ikafanya kazi mchana mzima wa Mwezi, na ikanyamaza saa chache baada ya Jua kuzama tarehe 16.